Kutukanwa na Maalma Rqia

Fes, 12 Oktoba 1986

Kwa Shangazi yangu mpendwa Tamou,

Nakuombea wewe na mumeo, Ami Mfaddel, afya, na magoti yako nayaombea peke yake, kwa kuwa najua yana mambo yao. Sisi hapa wazima. Mama anakohoa kidogo, na anakohoa zaidi nikiwa karibu. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu letu la sufu. Mama kaapa kuwatupa wote, lakini jana nimemkuta anawamiminia maziwa.

Sasa habari yenyewe. Maalma Rqia amenikubali.

Uliniambia kwamba nikitaka kuwa mpambaji wa maharusi katika mji huu nisipoteze muda kwa mafundi wengine, kwa sababu nyumba kubwa za Fes hazimfungulii mlango mpambaji ambaye Maalma Rqia hajamsemea, na kwa sababu kaftani, mikufu na taji za lulu zinazokodishwa zimo masandukuni mwake. Basi nikaenda. Aliponiuliza mimi ni wa nani, nikasema ni mtoto wa kaka yake Lalla Tamou aliyewahi kufanya kazi hapa. Najua hukuniagiza niseme hivyo. Nilidhani jina lako litanifaa.

Na limenifaa sana. Maalma aliinuka, mzee wa miaka sabini, akaniwekea mto mgongoni kwa mikono yake. Akanimiminia chai kabla ya watu wote. "Karibu, Lalla Ghizlane," akasema, kama anayemwita bibi mkubwa. "Nyumba ni yako." Wasichana wengine wako watatu, na nawaonea huruma. Hnia, mkubwa wao, aliitwa punda mara nne kabla ya adhuhuri. Aliposhona kifungo akaambiwa kuku angekishona vizuri zaidi kwa mdomo. Mimi sijaambiwa neno baya hata moja.

Nashukuru, maana Mama amenipa muda mpaka Idi Kubwa tu. Kama kufikia siku hiyo sijakabidhiwa harusi yangu mwenyewe kwa jina la Maalma, nitaolewa na Hajj Bouazza wa Meknes, yule mgane mwenye kinu cha zeituni. Ana meno mazuri, Mama anasema. Hajasema ni mangapi.

Wako mtiifu,
Ghizlane


Larache, 9 Novemba 1986

Kwa binti yetu Ghizlane,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wawili. Anayeandika ni Ami yako Mfaddel kama kawaida: Shangazi yako anasema, mimi naandika, kwa mwandiko ambao posta ya Larache haijaupata mwingine tangu nilipostaafu. Barua yako ilichelewa wiki mbili. Enzi zangu jambo hilo lisingetokea.

Anasema magoti hayajambo, dagaa wamekuwa rahisi wiki hii, na mvua imeingia chumba cha nyuma. (Tone moja tu. M.)

Anasema sasa nisikilize na nisiongeze kitu. Ghizlane, nani alikutuma ulitaje jina langu? Nilikwambia nenda kwa Rqia. Sikukwambia unipeleke na mimi.

Na huo mto, na hiyo chai, usinisimulie tena kwa furaha, maana nimeshindwa kula. Mwanangu, Maalma Rqia anamwekea mto mgeni. Mgeni hunywa chai akaenda zake. Msichana anayetaka kumfanya wake humtukana, tena mbele za watu, ili familia zisikie na kujua kwamba huyo ni mtu wake na makosa yake atayabeba yeye. Wapambaji wa Fes ndivyo walivyo tangu zamani. Hnia akiitwa punda mara nne, Hnia ameshapata kazi. Wewe ukiitwa Lalla, uko nje mlangoni, ila umekalia mto.

Fanya ufanyavyo, utukanwe.

(Mimi mwandishi sioni ubaya wa mtu kuwa na adabu. Lakini nimeamriwa nisiongeze kitu. M.)

Wako,
Shangazi Tamou, kwa mkono wa Mfaddel


Fes, 20 Desemba 1986

Kwa Shangazi yangu, na Ami yangu mwenye mwandiko mzuri,

Natumaini chumba cha nyuma kimekauka. Paka wanne sasa wana majina, na Mama ndiye aliyewapa. Anahesabu miezi kwa vidole nikiwa nakula.

Nimejaribu, Shangazi. Wiki ya kwanza nilichelewa saa nzima. Maalma akaniuliza kama njia ilikuwa na matope. Wiki ya pili nilimwaga kahawa juu ya kaftani ya kijani, ile ya kitambaa cha dhahabu inayovaliwa siku ya hina. Nilipiga magoti nikafumba macho kungoja. Akasema, "Haidhuru, binti yangu. Vitu vya dunia hivi." Kisha akageuka akamtukana Hnia kwa kuwa alikuwa amesimama karibu na kahawa.

Wiki iliyopita nikavuka mpaka. Mbele ya mama mmoja aliyekuja kukodi taji, nikamwambia Maalma kwamba lulu za upande wa kushoto zimepangwa vibaya. Hnia aliniambia baadaye kwamba moyoni alishaanza kunisomea Fatiha. Maalma akazitazama lulu, akanitazama mimi, akasema, "Lalla Ghizlane ana jicho." Akaagiza niletewe keki za lozi.

Hnia amepewa harusi yake ya kwanza, huko Sefrou. Siku ya kumkabidhi sanduku, Maalma alimwambia uso wake ni sahani isiyooshwa na kwamba akirudi na pini moja pungufu asirudi kabisa. Hnia alilia kwa furaha. Mimi nilienda nyumbani na keki.

Niambie kweli. Wewe na yeye kulikuwa na nini?

Ghizlane


Larache, 2 Februari 1987

Kwa binti yetu Ghizlane,

Salamu. Shangazi yako anasema upepo wa bahari umekuwa mkali, jirani yetu Lalla Chama amemwoza binti yake wa mwisho, na mimi Mfaddel nimeng'olewa jino. (Gego. Kwa ujasiri mkubwa. M.)

Kuhusu swali lako anasema ni mambo ya zamani, na ya zamani hayana faida.

Anasema pia ushike pini kwa kichwa, si kwa ncha, umpe Maalma ncha ikiwa inatazama chini.

(Nilimuuliza hilo ndilo jibu? Akasema andika. Nimeandika. M.)

Wako,
Shangazi Tamou


Larache, 17 Februari

Ghizlane,

Ni mimi mwenyewe. Usiangalie mwandiko. Nilijifunza darasa la kina mama pale msikitini, Mfaddel anadhani nakwenda kusikiliza mawaidha. Leo yuko Tanja kwa mambo ya pensheni, na barua hii nimeianza juzi.

Mwaka hamsini na saba nilikuwa msichana wa Rqia. Alikuwa ameshanitukana miaka mitatu, mpaka nyumba zote za Fes zikajua mimi ni nani. Alikuwa akisema mbele za watu: huyu Tamou ni balaa langu, mkinialika mimi mmemwalika yeye. Sijawahi kupendwa vile tena.

Tukapamba harusi katika nyumba ya watu wakubwa. Mimi ndiye niliyeshika sinia la maziwa na tende, nikalipeleka kwa bwana harusi. Bwana harusi alikuwa karani wa posta. Umeshaelewa. Sikumfanyia kitu, naapa. Niliinua macho tu kuona kama maziwa yanamwagika. Mpambaji hainui macho. Ndiyo sheria ya kwanza.

Mwaka haukuisha, akamwacha mkewe, akaja kuniposa kwa baba yangu. Nikakubali. Nilimpenda, siwezi kusema vingine. Lakini familia ya yule mke ikasema mpambaji alimleta mwizi ndani ya nyumba yao. Miaka miwili hakuna aliyemfungulia Rqia mlango katika mtaa ule. Aliuza kaftani sita. Alikuwa amesema mbele ya kila mtu kwamba mimi ni wake, na hakuwa na njia ya kulirudisha neno.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilitaka anipige. Aliinuka, akaniwekea mto mgongoni, akanimiminia chai.

Mfaddel hajui yaliyompata Rqia. Anadhani niliacha kazi kwa kuwa nilichoka kusimama. Miaka thelathini nimekaa na mwanamume mwema, na kila siku ya Mungu namkumbuka yule mwanamke. Sasa umeelewa kwa nini sikutaka jina langu lifike pale. Lakini limefika. Basi, ukiwahi kumsikia akinitukana, hata tusi dogo, niandikie siku hiyohiyo.

Ichome barua hii.

T.


Fes, 28 Machi 1987

Kwa Shangazi na Ami yangu,

Natumaini pengo la Ami limepona. Hapa tunajiandaa kwa Ramadhani: Mama anakaanga ufuta na lozi tangu asubuhi, na nyumba nzima inanukia.

Shangazi, ule mchanganyiko wa viungo ulionitumia nimeupata. Nimeutumia wote motoni jikoni, hakikubaki hata kipande. (Ami, ni viungo vya samaki, usijisumbue.)

Nimeacha kutafuta matusi. Nikimtazama Maalma sasa, namwona mtu mwingine. Kuna siku nilitaka kumwambia, Maalma, mimi si yeye. Lakini lingekuwa tusi kwako, na wewe sijakuchoka. Kwa hiyo nakaa chini, napiga pasi, nasafisha lulu kwa pamba, natazama mikono yake. Usiku naota pini. Nimejifunza kufunga mkanda wa dhahabu ili kiuno kionekane na pumzi ibaki. Hakuna aliyenifundisha, wala hakuna aliyenizuia.

Hajj Bouazza ametuma makopo mawili ya mafuta ya zeituni. Ni mafuta mazuri, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, maana Mama ameshafungua la kwanza.

Ghizlane


Fes, 25 Juni 1987

Shangazi yangu, kaa chini kwanza. Ami, soma polepole, usiruke neno.

Jumapili iliyopita tulimpamba binti wa Hajj Larbi, mfanyabiashara wa ngozi. Baada ya alasiri ilikuwa zamu ya wanawake kumtazama bibi harusi katika vazi kubwa la lulu. Mnalijua: taji, mikufu, vitambaa vya dhahabu juu ya vitambaa vya dhahabu, mpaka mtu anakuwa kama sanduku lililofungwa. Maalma alitumia saa mbili na pini arobaini na sita. Bibi harusi akakaa juu ya kiti chake, macho chini, mdomo umefungwa, leso nyeupe mkononi, kama inavyotakiwa.

Wanawake wakaanza kumsifu. "Mtazame, macho hayajainuka hata mara moja." "Haya ya namna hii imebaki nyumba chache." Mama wa bwana harusi alikuwa analia kwa kuridhika. Kadiri muda ulivyokwenda, binti akazidi kutulia, na vigelegele vikazidi. Mimi nilikuwa sakafuni, natengeneza pindo. Leso ikaniangukia kichwani. Nikashika mguu wake kumrudishia kiatu, vidole vilikuwa vya baridi kama vimetoka kisimani. Nikatazama juu. Kutoka pale chini, mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuuona uso wake. Macho hayakuwa yameinama, Shangazi. Yalikuwa meupe. Amezimia amekaa, na ukumbi mzima unamshangilia kwa adabu yake.

Sikumfikiria Maalma. Sikukufikiria wewe wala Hajj Bouazza. Nilipanda pale juu, nikang'oa taji, pini zikamwagika kama mchele. Nikafungua mkanda, nikamlaza mapajani mwangu, nikampaka maji ya maua ya mchungwa, na alipofumbua macho nikamtia tende mdomoni. Kumbe hakuwa amekula tangu Ijumaa ili mkanda ufunge.

Vigelegele vikakatika. Mama wa bwana harusi akapiga kelele kwamba nimewavunjia shughuli yao, kwamba sasa watu watasema mkwewe ni mgonjwa. "Huyu msichana ni wa nani?" akauliza. "Ni wa nani, nataka kujua."

Maalma akaja. Kwanza alimgusa binti shingoni, akangoja mpaka akapumua vizuri. Kisha akanigeukia.

"We kisirani," akasema. "We mikono ya koleo. Saa mbili nasuka kazi, na wewe unaibomoa kama mtu anayenyonyoa kuku. Aliyekuzaa alikuwa na haraka gani hata akasahau kukutia akili? Unapanda juu ya kiti cha harusi na hayo makwato? Ungeniita mimi ungekosa nini, mdomo umeshonwa? Tangu uingie kwangu sijalala, nakuona unakosea kila siku, nimejikaza mpaka ini limeniuma. Sasa basi. Okota pini. Zote arobaini na sita, na ukipungukiwa moja nitaichomoa kwenye mbavu zako."

Mama wa bwana harusi akarudia, "Nauliza ni wa nani?"

"Ni wangu," Maalma akasema. "Nani mwingine mjini humu angekuwa na mkosi wa namna hii?"

Nilikuwa nimepiga magoti naokota pini, machozi yananitoka, na Hnia ananipigia kigelegele cha chinichini kule mlangoni. Tulimpamba upya yule binti, na kila pini niliyompa Maalma iliambatana na tusi. Baadhi sijawahi kuyasikia. Nimeyaandika yote kwenye daftari.

Ghizlane wako, kisirani


Larache, 11 Julai 1987

Kwa binti yetu Ghizlane,

Hongera kutoka kwetu sote. Shangazi yako amenisomesha barua yako mara tatu. Mara ya tatu alimwita Lalla Chama asikilize, nami ikanibidi nimsomee mke wa jirani habari ya makwato na ini. Mimi ni mtumishi wa serikali mstaafu. (Mpaka leo Lalla Chama akiniona anacheka. M.)

Anasema umefanya kazi ya kweli na moyo wake umejaa. Anasema mpambaji anaambiwa asiinue macho, na wewe umeinua yako kwa wakati wake.

Anasema sasa una siku ishirini na tano mpaka Idi. Mwombe Maalma harusi, usingoje. Mwombe akiwa na hasira.

Halafu ana swali moja. Anauliza kama pale nyumbani kwa Maalma hakuna salamu zozote kwa watu wazima. Anasema utaelewa. Anasema usipunguze wala usiongeze, uandike neno kwa neno kama yalivyo hayo ya makwato.

(Nilimwambia kama anataka salamu za yule mama, aanze yeye kumpelekea zake. Amenitazama vibaya. M.)

Wako,
Shangazi Tamou


Fes, 18 Agosti 1987

Kwa Shangazi yangu mpendwa, na Ami,

Natumaini Idi yenu ilikuwa ya heri. Kondoo wetu alikuwa mwembamba, Mama anasema alikuwa anafikiri sana. Paka wawili wamekwenda kwa jirani, wawili wamebaki, wanalala miguuni pa Mama naye anajifanya haoni.

Nilipewa harusi tarehe ishirini na tano Julai, siku kumi na moja kabla ya Idi. Nilimwomba Maalma siku ambayo fundi alikuwa ameharibu mkanda, kama ulivyoniagiza. Akaniuliza kama nimepandwa na mashetani, kisha akanitupia ufunguo wa sanduku la pili. Ilikuwa nyumba ndogo mtaa wa nje ya ukuta, bibi harusi ni mwalimu wa shule. Nilihakikisha amekula supu na mayai mawili kabla sijamgusa, na mkanda nikauacha ukilegea kidole kimoja. Pini zote nimerudisha. Maalma akazihesabu, akasema hata saa mbovu hupatia mara mbili kwa siku, na kwamba Septemba nitakwenda naye kwa familia za Mtaa wa Juu, ili wanione na waniogope. Mama alikuja kunichukua akayasikia yote. Njiani akasema, "Yule mama anakupenda kuliko mimi." Makopo ya Hajj Bouazza amemrudishia. Matupu, lakini ameyaosha.

Shangazi, nimeandika barua hii mara tatu bila sehemu inayofuata, na mara tatu nimeichana. Uliniambia nisipunguze.

Siku niliyorudisha sanduku, kabla Mama hajafika, tulikuwa wawili peke yetu. Nikamwambia, "Maalma, Shangazi Tamou anakuulizia hali." Alikuwa anatunga lulu. Akaziweka chini. Akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, akakaa wima, kama mtu ambaye mgeni ameingia. Akasema: "Mfikishie Lalla Tamou salamu zangu za heshima. Mwambie nafurahi kusikia yu mzima. Ni bibi wa nyumba njema, Mungu amzidishie."

Nilingoja. Nilingoja muda mrefu. Akachukua lulu zake, akaniambia nasimama pale kama mlingoti.

Ni hayo tu. Nisamehe.

Ghizlane


Larache, 6 Septemba 1987

Kwa binti yetu Ghizlane,

Tumepokea barua yako kwa furaha kubwa. Nimemsomea Shangazi yako salamu za Maalma mara mbili, kwa kuwa aliomba. Lazima niseme, mimi Mfaddel, sikutegemea kutoka kwa mwanamke yule maneno ya kiungwana namna hii. "Bibi wa nyumba njema." Nimependekeza tumjibu kwa karatasi nzuri. Shangazi yako sasa ananinyang'anya kala

Ghizlane, ni mimi. Mfaddel amekaa hapa pembeni, mdomo wazi, anatazama mke wake anaandika. Aache atazame.

Salamu nimezipata. Zimeniuma sana, sitaki kukudanganya. Nilikuwa najiambia miaka thelathini ni mingi, labda hasira imechakaa na limebaki tusi moja la kunitupia. Haikuchakaa. Ana haki yake. Nilikupeleka kwake, na moyoni nilitumaini utaniingiza na mimi kwa mlango wa nyuma. Wewe umeingia. Mimi nimeletewa mto.

Mfaddel ameniuliza ni lini nilijifunza kuandika, nikamwambia. Akauliza kwa nini nalia kwa salamu nzuri vile, nikamwambia na hilo, lote, mpaka kaftani sita zilizouzwa. Aliinuka akaenda kuswali magharibi. Kisha akaenda jikoni, mtu ambaye hajui kibiriti kinakaa wapi, akarudi na bilauri ya chai, akaniwekea mbele yangu kwa mikono miwili.

Nilimwambia aiondoe haraka, na kama ananipenda anitukane.

Alifikiri sana, masikini. Akasema mimi ni mkaidi. Nikamwambia ajitahidi. Akasema samaki huwa nawatia chumvi nyingi, amevumilia tangu mwaka hamsini na nane, na kwamba mwandiko huu ni aibu kwa posta ya Larache. Hapo nikacheka, na kulia hakukukoma.

Usimwambie Maalma neno. Okota pini zako.

Shangazi yako,
Tamou, kwa mkono wake